Shuka Kwenye Njiwa

Maelekezo ya shangazi yangu hayakuwa na jina hata moja la Kizungu. "Baba, ukitoka uwanja wa ndege utapita kituo kimoja, kisha utamwona korongo," aliniambia kwa simu. "Baada ya korongo kipo kituo kingine, kiache. Kinachofuata ni cha njiwa. Shuka kwenye njiwa, utanikuta hapo hapo."

Ilikuwa mwaka 2017. Treni aliyonielekeza ni ile ya umeme ya Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, iliyoanza kubeba abiria tarehe 18 Julai 2009. Shangazi ameishi huko miaka mingi. Kiingereza cha sokoni na cha hospitalini anacho, ila kukisoma ni kazi asiyoipenda. Jina Columbia City kwake ni la kwenye bahasha. Mtaa anakokaa anauita "kwa njiwa", na wenzake wa kutoka Uvira na Bujumbura wanaokutana naye kanisani wakisikia hivyo wanaelewa.

Treni ilipopunguza mwendo nilimtafuta huyo njiwa. Niliona jina la kituo kwa herufi nene, na kando yake nukta kadhaa zilizounganishwa kwa mistari. Nilimwona shangazi kabla sijamwona ndege. Tulipokwisha kusalimiana nikamuuliza njiwa yuko wapi, naye akanivuta mkono hadi kwenye kibao, akapitisha kidole: hiki kichwa, hili bawa, huu mkia. Baada ya kidole chake kupita pale sikuweza tena kuona nukta tupu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza ni nani hasa aliyemchora njiwa yule, msanii au kidole cha shangazi.

Sheria ya jimbo la Washington ilitaka kila kituo cha reli hiyo kiwe na alama ya picha, ili asiyesoma Kiingereza naye ajue alipo. Kazi akapewa msanii Christian French, naye akaja na wazo zuri kweli. Alizichukua sehemu muhimu zinazozunguka kituo, kama shule, maktaba na bustani, akazitia nukta jinsi zilivyokaa ardhini, kisha akaziunganisha nukta hizo kwa mistari mpaka ikatokea sura ya kitu, kama wahenga walivyounganisha nyota. Kazi nzima iliitwa Stellar Connections, na kila mchoro ulikuwa kundinyota. Columbia City ikapata njiwa, Beacon Hill tiara ya kurushwa na watoto, Rainier Beach korongo, mtaa wa Wachina joka, Pioneer Square merikebu ya matanga, na uwanja wa ndege ukapata zulia la kuruka.

Yaani alama moja ilibebeshwa kazi mbili. Ukiitazama kwa mbali ni nembo ya kituo, ukiisogelea ni ramani ya mtaa. Hapa ndipo ninapoona ufa wa kwanza wa umbo lenyewe. Ramani inataka nukta zibaki zilipo, maana maktaba haihami ili shingo ya korongo inyooke. Nembo nayo inataka mstari uende pale jicho linapoutarajia. Mchoraji aliyeamua kuwa mwaminifu kwa ardhi alilazimika kumpinda ndege. Matokeo yake ni njiwa mwenye pembe, aliyejengwa kwa vijiti, asiye na unene wowote wa kumshika mtu aliye ndani ya treni inayofunga breki.

Abiria husoma kibao akiwa amekaa, dirisha lina matone ya mvua ya Seattle, mbele yake amesimama mtu mwenye mkoba mgongoni, na muda alionao ni ule wa kabla mlango haujafunguliwa na kufungwa tena. Katika muda huo jicho linahitaji doa zito, kitu chenye mwili. Mstari mwembamba juu ya kibao unahitaji mtu asimame, atulie, autazame. Wa kuutazama hivyo ni yule ambaye tayari ameshuka.

Lakini sitaki kuliacha wazo la kundinyota hapo, kwa sababu ndani yake kuna ukweli ambao watu wa pwani yetu wanaujua. Mkulima na baharia walikitazama Kilimia wakajua majira. Kilimia ni vinyota vichache vilivyosongamana angani, na mtoto hakioni hadi mkubwa amwonyeshe kwa kidole na kumwambia jina lake. Hakuna aliyewahi kukigundua peke yake kwa kutazama juu. Kundinyota huishi mdomoni kwanza, ndipo likae jichoni. Kwa hiyo michoro ya French haikuwa na kosa la kuhitaji kufundishwa. Iliwekwa kama kwamba itajifundisha yenyewe, na jirani yake kwenye kibao, yaani jina la kituo, halikuisaidia hata kidogo.

Huo ndio ufa wa pili, nao kwangu ni mkubwa zaidi. Kwa nini Columbia ni njiwa? Kwa sababu neno la Kilatini la njiwa ni columba. Mzaha huo ni wa kupendeza kwa aliyesoma Kilatini. Mama anayetoka kazini usiku, ambaye ndiye sheria ilimfikiria, hana njia ya kutoka kwenye sauti "Kolambia" hadi kwa ndege. Beacon Hill maana yake ni kilima cha moto wa kuashiria, alama yake ikawa tiara. Mount Baker ni mtaa uliopewa jina la mlima ulio mbali kaskazini, na alama ilikuwa mlima. Hapo angalau neno na picha vilishikana mikono, ingawa mlima unaowatawala watu wa pale siku isiyo na mawingu ni Rainier, ulio upande wa pili kabisa.

Na uwanja wa ndege! Duniani kuna mahali pachache penye picha inayoeleweka na kila mtu, na uwanja wa ndege ni mojawapo: unachora ndege, basi. Kituo kile kikapewa zulia la kuruka. Naelewa kwamba mfululizo ulitaka hadithi, na ngano za Alfu Lela u Lela tunazipenda sisi kuliko wengi. Ila mtu anayekimbilia safari ya Nairobi na masanduku mawili hahitaji ngano. Nikisoma mchoro ule naona mahali ambapo msanii alichagua umoja wa kazi yake badala ya mtu aliyesimama mbele ya kibao, na ninasema hivyo nikiwa naipenda kazi yenyewe.

Wapo waliolifanya jambo hili likakaa. Metro ya Jiji la Mexico ilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1969, na kila kituo kilikuwa na picha yake, kazi iliyoongozwa na Lance Wyman, yule yule aliyebuni nembo ya Olimpiki ya mwaka 1968 katika jiji hilo. Chukua Chapultepec. Kwa Kinahuatl ni kilima cha panzi, na kwenye kibao yuko panzi. Candelaria ni mtaa uliojulikana kwa bata wake, na alama ni bata. Pino Suárez ina umbo la hekalu dogo la Waazteki lililofukuliwa wakati reli inachimbwa, na abiria hadi leo hulipita hekalu lenyewe wakibadilisha treni. Michoro ile ni minene, imejazwa, imo ndani ya mraba wenye kona za mviringo, na nyuma yake pana rangi ya njia ya treni. Mtoto anaweza kuikata kwa mkasi. Zaidi ya yote, mdomo unaposema jina na jicho linapoona picha, vyote viwili vinataja kitu kimoja. Asiyesoma akisikia "Chapultepec" mara tatu akiwa mbele ya panzi, ameshajua kusoma kibao kile.

Seattle ilikuwa na neno upande mmoja na picha upande mwingine, na baada ya muda picha ndiyo iliyoondoka.

Kabla ya kufika huko, niseme kidogo kuhusu maneno, kwa kuwa nayo yalikuwa na fujo yake. Katikati ya jiji, ndani ya handaki lililofunguliwa kwa mabasi mwaka 1990, palikuwa na kituo kinachoitwa University Street. Chuo kikuu hakipo hapo. Kilikuwepo, tangu 1861, kikahama mwaka 1895, na barabara ikabaki na jina. Machi 2016 kikafunguliwa kituo cha University of Washington, vituo vitatu mbele. Oktoba 2021 kikaja cha tatu, U District. Mgeni aliyeambiwa "shuka University" alikuwa na milango mitatu, na wa kwanza kumfikia akitokea uwanja wa ndege ndio ambao si wenyewe. Tena kituo cha University of Washington kiko ubavuni mwa uwanja mkubwa wa michezo, huku kituo kinachoitwa Stadium kikiwa kusini mwa mji, kwenye viwanja vingine kabisa. Tarehe 30 Agosti 2024 University Street ikabadilishwa kuwa Symphony, kwa ajili ya ukumbi wa muziki ulio juu yake. Jina jipya ni zuri: linataja kitu kilichopo, na halifanani na jirani yeyote. Ni busara ile ile ya vituo vya mwendokasi Dar es Salaam, Fire, Bucha, Kona, Magomeni Mapipa, majina ambayo makondakta na abiria waliyapigia kelele miaka mingi kabla hayajaandikwa kwenye kibao.

Rangi nazo zilipita kwa haraka. Mwaka 2019 mamlaka ya treni, Sound Transit, ilitangaza kwamba njia hii itaitwa Njia Nyekundu. Lakini treni inapita bonde la Rainier, na kwa Wamarekani weusi wa huko mstari mwekundu ni ule uliochorwa kwenye ramani za miaka ya 1930 kuzunguka mitaa ambayo benki ziliinyima mikopo. Watu wakasema, wakasikilizwa, jina likaachwa mwaka huo huo, na njia zikapewa nambari. Hii ikawa Njia ya 1. Ninaupenda uamuzi ule kwa sababu ulitambua kwamba alama haianzi maisha yake siku inapobandikwa.

Nambari zikaendelea. Upanuzi wa kuelekea Lynnwood ulipofunguliwa mwaka 2024, kila kituo kikawa na nambari yake pia, na njiwa, korongo, joka na zulia wakaanza kutoka vibaoni. Westlake, kitovu cha mji, ni 50. Ukienda kaskazini hesabu inashuka hadi Lynnwood yenye 40, ukienda kusini, wakati huo ilipanda hadi Angle Lake yenye 65. Columbia City ni 58.

Kama umbo, mfumo huu una akili ambayo michoro haikuwa nayo. Tarakimu ni nene, zinasomeka kwa mbali, na Mkongo, Msomali, Mvietinamu na Mmarekani wanazijua sawa. Zina mwelekeo ndani yake, kwa hiyo ukiona 56 kisha 57 unajua unaenda kusini bila kuuliza. Unaweza kuhesabu vituo vilivyobaki kwa kutoa. Njiwa hakuweza kukuambia kwamba korongo yuko mbele au nyuma.

Zaidi ya hayo, nambari imeachiwa nafasi ya kesho. Kutoka 58 treni inaenda 60, na kutoka 61 inaenda 63. Viti vya 59 na 62 vimewekewa vituo vilivyopangwa ambavyo bado havijajengwa, Graham Street na Boeing Access Road. Mhandisi atasifu mpango huo, nami nausifu. Lakini jiweke mahali pa yule anayetegemea kuhesabu kwa sababu kusoma kumemshinda. Anasubiri 59 na haioni. Je, treni imepita kituo? Mlango ulifunguka akiwa amesinzia? Pengo ambalo ofisini ni busara, ndani ya behewa ni wasiwasi, na hakuna chochote kwenye kibao kinachomweleza.

Kisha kuna suala la nambari kugongana. Nje ya kituo cha Columbia City linasimama basi la njia ya 50. Basi hilo haliendi katikati ya mji. Kituo nambari 50 ndicho katikati ya mji wenyewe. Mtu akimwambia mgeni pale kando ya barabara "nenda 50", amempa maelekezo mawili yanayopingana kwa neno moja. Picha isingeweza kuleta mkanganyiko huo, kwani hakuna basi la njiwa.

Ila siwezi kusema kwamba nambari haina uhai. Mnairobi akisikia 58 anaona Buruburu, akisikia 46 anaona Kawangware, akisikia 111 anaona njia ya Ngong, na anaona pia muziki, taa na wale vijana wa mlangoni. Hizo zilikuwa tarakimu za leseni tu, watu wakazipa mwili kwa kuziita kila siku. Kwa hiyo swali ninalolileta mbele ya kibao chochote cha usafiri ni hili: je, mtu anaweza kukisema kwa simu, na wa upande wa pili akakipata? Picha au nambari, bila kupita jaribio hilo, ni pambo.

Pana maelekezo mengine ambayo hayako kwenye kibao chochote. Kituo cha Beacon Hill kiko karibu mita 50 chini ya ardhi, ndani ya kilima, na abiria hushuka kwa lifti. Huko juu hakuna njia panda wala ngazi za kuchagua. Unaingia kwenye lifti, unateremka, milango inafunguka, na huko chini kuna mambo mawili tu, kwenda mjini au kwenda uwanja wa ndege. Juu ya vichwa yananing'inia maumbo ya Dan Corson yanayong'aa kama viumbe vya kilindini. Nimepita pale mara kadhaa na sikumbuki kusoma kitu. Jengo lenyewe lilinishika mkono.

Columbia City ni kinyume chake. Reli ziko katikati ya barabara ya Martin Luther King, magari pande zote mbili, na majukwaa ni mawili, moja kwa kila upande wa treni. Ukivuka taa za barabarani unafika katikati, na hapo, kengele zikilia, unapaswa kujua unaenda kaskazini au kusini kabla hujapanda jukwaa. Kibao kilicho juu ya jukwaa kimechelewa. Anayekihitaji yuko chini, kwenye kivuko, na shingo yake inageuka kulia na kushoto kwa sababu ya magari. Hapo ndipo ningetaka alama kubwa kuliko zote, yenye jina la mwisho wa safari kwa kila upande, kama daladala zinavyoandika miisho yote miwili kwenye paji la uso. Tatizo ni kwamba mwisho wa njia hii umekuwa ukihama: Westlake mwaka 2009, University of Washington mwaka 2016, Northgate mwaka 2021, Lynnwood mwaka 2024. Aliyezoea kupanda "ya Westlake" amebadilishiwa neno mara tatu, na treni ni ile ile, jukwaa ni lile lile.

Nilirudi kwa shangazi mwaka 2025. Mgongo umeanza kumsumbua na hapandi treni mara kwa mara. Nilipomwambia kwa simu kwamba kibao sasa kina hamsini na nane, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nambari nimeiona, baba. Sasa wewe ukishuka usinitafute jukwaani, baridi ni kali. Njoo kwenye beleshi."

Sikuhitaji kuuliza beleshi gani. Kando ya kituo limesimama beleshi la shaba lenye urefu wa zaidi ya mita 10, kazi ya mchongaji Victoria Fuller, lenye mboga, matunda na mimea ya pande nyingi za dunia iliyosubiwa pamoja na shaba hadi ikawa ngozi yake. Halikuwekwa kuwa kibao. Hakuna nukta ya maktaba juu yake wala hadithi ya Kilatini. Lina mwili mnene, linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara hata mvua ikinyesha, na jina lake kwa Kiswahili kila aliyewahi kulima analijua.

Nilivuka, nikamkuta amesimama chini yake na koti jekundu, mkono mmoja umeegemea kwenye shaba. Pembeni yake alikuwa binti mmoja mwenye simu sikioni, akimwelekeza mtu kwa lugha nisiyoijua, na mkono wake mwingine ulikuwa umenyooka juu, ukionyesha mpini wa beleshi kwa mtu aliyekuwa bado ndani ya treni.